Mama, niandike mkutano ambao haukukaa?

*Maswali ya wasomaji kuhusu kazi za serikali yanajibiwa na mama aliyeingia masijala ya halmashauri ya wilaya akiwa karani mwaka 1984, baadaye akawa Katibu Tarafa, na akastaafu mwaka 2022 akiwa sekretarieti ya mkoa.*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtendaji wa kijiji, nina miaka 27, nimethibitishwa kazini mwaka jana. Mwenyekiti wetu wa kijiji ameleta mtu anayetaka ekari 200 kwenye eneo la malisho. Mkutano mkuu haujakaa. Naambiwa niandike muhtasari kwamba ulikaa na wananchi wakaridhia, na mahudhurio tuambatanishe ile karatasi ya siku ya chanjo ya mifugo kwa sababu ina majina mengi. Nikisita naambiwa nitahamishiwa kata ya mbali. Wenzangu wanasema kila mtu anafanya hivyo. Nifanyeje?
*Mtendaji, Singida*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiandike. Hilo kwanza, mengine yafuate.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haina kona hapa. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na haiwezi kumgawia mtu kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, mfugaji na mkulima, mwanamke na mwanamume. Katibu wake ni wewe. Mwenyekiti anaongoza kikao, lakini kalamu iko mkononi mwako, na siku mgogoro ukifika barazani atakayeulizwa nani aliandika hatakuwa yeye.

Naongea kama mtu mwenye deni. Mwaka 1994 nilikuwa Katibu Tarafa, na ulikuwa msimu wa kukusanya kodi ya maendeleo. Ninyi vijana hamkuikuta, ilifutwa mwaka 2003. Mtu mzima alitakiwa kulipa, awe amevuna au hakuvuna, na asiye na stakabadhi alikamatwa. Wanaume walikuwa wakisikia mlio wa gari letu wanakimbilia porini, wanalala huko huko.

Asubuhi moja tukafika kwa bibi mmoja aliyekuwa peke yake na wajukuu. Akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Wino ulikuwa umefifia kwa jasho. Nikaikunjua taratibu isichanike, nikaisoma: ilikuwa ya mwaka uliopita. Mgambo wakamfungua mbuzi wake, mmoja tu aliyekuwa naye. Bibi hakulia wala hakubisha. Aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja tena vilevile, akaifunga pindoni, kama vile bado ina kazi.

Jioni nikakaa kuandika taarifa ya wiki. Nikaandika: "Zoezi limefanyika kwa amani na wananchi wametoa ushirikiano." Hakuna aliyenilazimisha. Ndivyo taarifa zilivyokuwa zikiandikwa, nami nikaandika kama wengine. Laiti ningeandika kwamba ajuza asiye na uwezo amechukuliwa mbuzi wake wa pekee, huenda mtu mmoja huko juu angesoma akashtuka, akauliza. Nilimnyima yule bibi nafasi hiyo. Taarifa ile iliwekwa kwenye faili na kupewa namba ya folio, yaani nafasi yake ndani ya faili, na atakayelifungua leo atasoma kwamba siku ile kulikuwa na amani.

Kwa hiyo wenzako wakikwambia kila mtu anafanya hivyo, ni kweli wapo wengi. Nilikuwa mmoja wao. Na ndiyo maana nakusihi usianze.

Sasa namna ya kukataa. Usikatae kwa mdomo peke yake, na usigombane na mwenyekiti wako. Huyo amechaguliwa na watu na mtaendelea kufanya kazi pamoja. Mwandikie barua ya aya moja, kwa heshima zote: kwa kuwa ombi la ardhi limepokelewa, na kwa kuwa mkutano mkuu haujakaa kulijadili, unapendekeza tarehe fulani ya kuuitisha. Nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Ipe kumbukumbu namba, igonge muhuri, na uhakikishe nakala yako imesainiwa na aliyepokea pamoja na tarehe. Hujamshtaki mtu hapo. Umependekeza kikao tu. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna anayeweza kusema hukujua au hukusema.

Kisha uitishe kweli. Tangazo libandikwe shuleni, zahanati na kwa kila mwenyekiti wa kitongoji, na ajenda iandikwe waziwazi kwamba ni ekari 200 za malisho, isifichwe chini ya "mengineyo". Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, nenda na ramani yake mkutanoni, watu waone ni eneo gani linaloguswa. Orodha ya mahudhurio ianzishwe siku hiyo hiyo, kwa vitongoji, mtu asaini au aweke dole gumba mbele yako. Wakikubali, andika wamekubali na kwa masharti gani. Wakikataa, andika wamekataa, na uandike sababu walizotoa kwa maneno yao.

Kuhusu kuhamishwa, mwajiri wako ni Mkurugenzi, si mwenyekiti wa kijiji. Na hata ukihamishwa, ni gharama ya mwajiri na ni sehemu ya kazi. Mimi nimehamishwa mara tisa. Kuna vituo nilivyofika usiku na godoro kichwani, na kimoja kati ya hivyo ndicho nilichokuja kukipenda kuliko vyote.

Ngoja nikupe na upande wa pili, maana nisingependa ubaki na yule bibi peke yake. Mwaka 2007 nikiwa mkoani, mjane mmoja alikuja na malalamiko. Shemeji yake alikuwa anadai shamba la ekari tatu, akisema kaka yake aliazimwa tu na ukoo. Nikatumwa kijijini kufuatilia. Hapakuwa na ofisi ya maana, mtendaji alikuwa mpya, ila kwenye sanduku la bati kulikuwa na madaftari ya mihtasari, makubwa yale ya kurasa nyingi, kingo zimetafunwa na mchwa. Tulikaa sakafuni tukayapitia moja moja tangu saa nne asubuhi.

Tukalikuta la mwaka 1996. Mtendaji wa enzi hizo, mtu wa darasa la saba, alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi za kulala, kwamba mkutano ulianza chini ya mti na ukahamia darasa la tatu baada ya mvua kuanza. Akataja ajenda ya nne: ombi la ardhi. Akamtaja mume wa yule mama kwa majina matatu, akataja ekari tatu, akataja mipaka yake: kaskazini korongo, mashariki njia ya kisimani, na majirani wawili pande zilizobaki. Chini yake madole gumba mawili ya mashahidi, na moja lilikuwa la yule yule shemeji.

Nilisoma kwa sauti. Shemeji akaliangalia lile dole muda mrefu, halafu akasema tu, "Ni langu." Jambo halikufika hata kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Yule mtendaji alikuwa ameshafariki wakati huo, na sidhani kama siku ile ya mvua alijua anamwandikia mjane. Alikuwa anaandika kilichotokea.

Nunua daftari gumu mwanangu, hata kwa hela yako. Na uniandikie tena mkutano ukishakaa.

SWALI: Mama, mimi ni afisa mipango, nimepata nafasi ya kuhamia sekretarieti ya mkoa kutoka halmashauri. Wengine wanasema huko ndiko kwenye heshima. Wewe uliyekaa kote, wapi ni bora?
*Afisa Mipango, Kigoma*

JIBU: Una miaka mingapi kazini? Kama haijafika kumi, baki halmashauri.

Nakueleza kwa nini. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, kazi zote zikapelekwa mikoani na wilayani chini ya serikali kuu. Sheria za kuzirudisha zilitungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya. Mimi niliajiriwa mwaka huo huo. Tulikuta vyumba vitupu, majalada ya zamani yametawanyika ofisi tatu tofauti, hakuna anayejua barabara gani ni ya nani. Tulijenga ofisi kwa kufuatwa na watu wenye shida. Mtu anasimama dirishani, anakwambia kisima kimekufa. Huwezi kumjibu kwa waraka.

Mkoani nilijifunza kusoma bajeti ya halmashauri na kuona ilipovuja. Ni kazi ya maana, na tangu sheria ya tawala za mikoa ya 1997 kazi ya sekretarieti ni kuzishauri na kuziwezesha halmashauri zaidi kuliko kuziamuru. Lakini utashauri nini kama hujawahi kukaa kwenye baraza la madiwani ukabanwa na diwani ambaye kata yake imerukwa mara mbili? Yule anayefoka mbele ya wenzake mara nyingi ana haki. Kaa uumie kidogo kwanza, kisha nenda mkoani. Utakuwa mshauri wa kweli.

SWALI: Nastaafu kwa lazima baada ya miaka miwili, nikitimiza 60. Nilianzia halmashauri, nikaenda serikali kuu, nikarudi halmashauri. Nasikia mafao ya watu wa aina yetu yanachelewa. Nianze na nini?
*Mtumishi, Morogoro*

JIBU: Anza leo, na anza na makaratasi kabla ya hesabu. Najua wengi mnaanza na kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao. Tangu Julai 2022 malipo ya mkupuo, yale mstaafu anayopewa kwa mara moja, yalikuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha kiwango hicho hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wanapata 50 hapo awali. Hayo yamekwisha pangwa, huyabadilishi. Faili lako unaweza kulirekebisha.

Zitafute barua za aina nne: ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa vyeo, na za uhamisho, hasa zile za kuvuka kutoka halmashauri kwenda serikali kuu na kurudi. Hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Zamani michango ya halmashauri ilikwenda mfuko wa pensheni wa LAPF, na ya serikali kuu ikaja kwenda mfuko wa PSPF. Mwaka 2018 mifuko hiyo iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, lakini kuunganisha mifuko hakuleti barua iliyopotea. Omba taarifa ya michango yako, kaa na kalamu, pitia mwezi kwa mwezi. Mwezi ulio mtupu uulizie sasa, wakati bado una mwajiri wa kumuuliza.

Angalia pia tarehe ya kuzaliwa na mpangilio wa majina. Kama barua moja inasema hivi na nyingine inasema vile, usiseme watajua wenyewe kwamba ni mimi.

Nilisubiri miezi mitano kwa sababu ofisi moja haikuwa na barua yangu ya uhamisho ya mwaka 1992. Nilikwenda mara nne, kila mara naambiwa faili linatafutwa. Kilichoniokoa ni nakala ya kaboni, ile karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, niliyoiweka nilipokuwa bado karani kwa sababu mkubwa wangu wa masijala alitufundisha kutoa nakala tatu za kila barua na kuondoka na moja. Herufi zilikuwa zimegeuka zambarau. Afisa aliinua karatasi ile dirishani aisome vizuri, akapiga kopi, na mwezi uliofuata nililipwa.

Wewe bado una miaka miwili na masijala iko mlango wa pili kutoka ofisini kwako. Wanafunga saa tisa na nusu. Nenda leo ukaombe kulipitia faili lako, folio ya kwanza mpaka ya mwisho, na barua usiyokuwa nayo nyumbani uiombee kopi.