Ami, Obama hakumaliza ubaguzi

Shikamoo Ami. Uliuliza kwenye kundi la familia: ikiwa Wamarekani walimchagua Obama mara mbili, huo ubaguzi tunaoulalamikia huku uko wapi? Binamu naye akaongeza kwamba sisi wa ughaibuni tumezoea kulialia. Naishi Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, nina uraia na ninapiga kura, kwa hiyo nawajibu kama ninavyoyaona mambo.

Obama alishinda, ni kweli, lakini Wazungu wengi hawakumpigia. Mwaka 2008 alipata takriban asilimia 43 ya kura zao, na 2012 zikashuka hadi 39. Si yeye peke yake. Tangu Rais Lyndon Johnson mwaka 1964, hakuna mgombea urais wa Democratic, chama cha Obama, aliyepata zaidi ya nusu ya kura za Wazungu. Johnson huyo ndiye aliyetia saini sheria ya haki za kiraia, kisha mwaka 1965, baada ya polisi kuwapiga waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura pale Selma, jimboni Alabama, akatia saini sheria ya kulinda kura ya Weusi. Zamani, huku kusini, Democratic ndicho kilichokuwa chama cha wabaguzi. Baada ya sheria zile Wazungu wa kusini wakahama polepole kwenda Republican, chama pinzani. Weusi wakabaki na chama kilichowahakikishia kura.

Uchaguzi ulionifunza zaidi ni ule wa useneta hapa Georgia mwaka 2022. Wagombea wote wawili walikuwa Weusi: Raphael Warnock wa Democratic, mchungaji wa kanisa alilohubiri Martin Luther King, na Herschel Walker wa Republican, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyeungwa mkono na Trump. Kama rangi ingekuwa ni sura ya mgombea tu, rangi isingekuwa na kazi siku ile. Lakini Weusi 9 kati ya 10 walimpa Warnock, na Wazungu karibu 7 kati ya 10 wakampa Walker. Nanyi huko Kenya mnayajua haya: mtu wa kabila lako akisimama kwa tiketi ya chama cha mahasimu, kabila halimfuati.

Sisemi kila aliyempigia Walker ni mbaguzi. Wapo wanaofuata msimamo wa kanisa kuhusu utoaji mimba, wapo wanaochukia kodi. Lakini kina mama Weusi ninaosali nao wanaupinga utoaji mimba vilevile, tena kwa ukali, na bado hupigia Democratic. Kwao chama ni suala la nani alikuwa upande wao walipokuwa wakizuiwa kujiandikisha. Wengine wao wangali wanaikumbuka miaka ile.

Halafu kuna foleni, na hili linaniuma. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilibatilisha sehemu ya ile sheria ya 1965, na tangu hapo majimbo kama Georgia hayahitaji tena idhini ya serikali ya shirikisho yakitaka kubadili taratibu za uchaguzi. Vituo vingi vikafungwa. Mtaani kwetu, ambako wengi ni Weusi, nimesimama saa nyingi na wazee wenye magongo, ilhali mwenzangu wa kazini, Mzungu wa mtaa mwingine, alipiga kura na kurudi ofisini kabla chai yake haijapoa. Mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria inayokataza kuwagawia maji au chakula watu waliopanga foleni karibu na kituo. Hakuna neno "Mweusi" ndani ya sheria hiyo, Ami. Ubaguzi wa sasa hauhitaji kujitaja jina.

Binamu aliuliza pia kama majirani Wazungu wananichukia. Hapana. Yule wa nyumba ya pili hunisaidia theluji ikianguka, siku chache inapoanguka huku, na watoto wetu hucheza pamoja. Alimpigia Walker, aliniambia mwenyewe bila kuona haya, na naamini nia yake ilikuwa safi. Nilipomweleza habari ya foleni alishangaa kwa dhati. Akasema hajawahi kusimama zaidi ya dakika chache, na kwamba sheria ya maji hakuisikia kabisa. Lakini waliopitisha sheria hiyo ni watu wa chama chake, na uchaguzi ukija atawachagua tena.