Stafu wananificha makosa, mume anachelewa kwa dada yake

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Dar, ni msimamizi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, chini yangu nina vijana watano na tarishi mmoja. Tatizo langu hawa vijana hawajali kazi. Nisipowafuatilia hakuna kinachokwenda, kila imeili lazima niione kabla haijatoka, usiku nacheki nani yuko onlaini, nikiwarekebisha wananuna. Mwezi uliopita kijana mmoja aliona namba ya kontena kwenye BL, ile hati ya mzigo wa meli, haifanani na makaratasi ya mteja, aliona Jumanne akakaa kimya mpaka Ijumaa, tukalipa bure hela ya storeji, yaani ya mzigo kulala bandarini. Nilipomwambia ukweli mbele ya wenzake akaenda kunishtaki HR, idara ya wafanyakazi, kwamba namdhalilisha, wakati mimi nilimrekebisha tu. Nimeitwa kikao Jumatatu. Mimi niko makini kwa sababu ofisi niliyotoka mwenzangu aliiba hela ya mteja, nikalala polisi mimi. Nyumbani nako mume anasema namfanya stafu wangu, kisa nimemwomba risiti ya gesi, siku hizi akitoka kazini anapitia kwa dada yake Tabata mpaka saa 4 usiku na wifi anampokea badala ya kumrudisha. Je, huyu kijana nimwandikie barua ya onyo? Na mume nimfanyeje?
Mama Makini, Dar

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kulala polisi kwa dhambi ya mtu mwingine, hilo ni jambo zito na sishangai kwamba mpaka leo linakusumbua. Pole yangu ni ya kweli. Lakini barua yako imejaa watu wengine wanaohitaji pole na wewe hukuwaona, kwa hiyo leo nitakaa zaidi upande wao, univumilie.

Nimeirudia kuisoma nikitafuta mtu mmoja tu uliyemsema vizuri. Vijana watano hawajali, tarishi umemhesabu kama samani za ofisi, mume anachelewa, wifi mbaya. Watu wanane wamekuzunguka na wote wana kasoro isipokuwa wewe? Haiwezekani mwanangu. Mtu akigombana na mmoja tunasikiliza pande mbili, akigombana na kila mtu tunaanza kumwangalia yeye.

Halafu unasema ulimwambia kijana "ukweli" mbele ya wenzake, ila hukuniandikia ulimwambia nini. Barua nzima umekumbuka siku, umekumbuka mpaka saa anayorudi mumeo, lakini maneno yaliyompeleka kijana HR umeyaruka. Anayejua kasema maneno ya heshima huyanukuu neno kwa neno ili apewe haki yake. Ulichokisema unakijua, na mimi nakisikia hata bila kuandikwa. Ni yale ya "hivi chuo ulienda kufanya nini", "mtoto wa darasa la pili angeona hili", hayo hayo. Kijana hakudanganya, ulimdhalilisha.

Sasa tukae kidogo kwenye hiyo namba ya kontena maana jibu lako lote liko hapo. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Wewe mwenyewe unaijua kazi, unajua ilivyo kupanga hayo makaratasi mezani, BL huku, invoisi huku, packing list ya vilivyomo huku, unapita na kalamu tarakimu moja moja mpaka macho yanauma. Mzembe haoni kosa la tarakimu moja hapo! Mzembe anagonga muhuri anaenda kula chipsi. Huyu kijana aliliona, tena aliliona Jumanne, mapema kabisa, kazi uliyomwajiria aliifanya. Alichoshindwa ni kuja kukwambia. Jiulize ni kitu gani kati ya meza yake na yako kilikuwa kigumu kuliko storeji ya bandari, ambayo anajua inahesabiwa kila siku. Kilikuwa ni wewe mwanangu. Alipiga hesabu akaona akija na habari ile ataulizwa kwa nini hakuona asubuhi, ataitwa majina, skrinishoti itatupwa kwenye grupu la ofisi ikiwa imezungushiwa wino mwekundu, akaona bora anyamaze labda kampuni ya meli watarekebisha wenyewe. Alikosea kunyamaza, sikatai, lakini aliyemfundisha kunyamaza ni wewe, kidogo kidogo, kila siku.

Na usidhani hili ni dogo la ofisini kwenu tu. Tarehe 27 Machi 1977 kule Tenerife, visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu mzito, wakafa watu 583, ajali mbaya kuliko zote za ndege kugongana. Rubani wa KLM, shirika la Uholanzi, alikuwa mkubwa, mzoefu, mwalimu wa marubani wenzake. Alipoanza kuondoka, fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine ya Pan Am imeshatoka njiani, rubani akamjibu kwa mkato kwamba ndiyo, wakaendelea, mdogo hakubishana tena. Kulikuwa na sababu nyingine, redio ziliingiliana na lugha ya mnara wa kuongozea ndege haikueleweka vizuri, lakini baada ya pale mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani namna ya kusikilizana, mkubwa afundishwe kuulizwa na mdogo afundishwe kusema bila kuogopa, na mafunzo hayo yapo mpaka leo. Watu wanaobeba roho za abiria walikubali kwamba dharau ya mkubwa inaua, wewe ofisini kwako unaiita umakini.

Sasa hofu yako. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo ulivyo, na mwili wako haudanganyi, ukishawahi kushikwa kwa kosa usilofanya kila karatasi inaanza kunuka polisi. Tena kazi yenu kweli ina hatari, mzigo ukiwekwa namba ya ushuru isiyo yake unaweza kutoka kwenye ushuru wa asilimia 10 ukaenda 25, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ikishajumlishwa na ushuru huo, mteja anachanganyikiwa na mzigo unalala bandarini. Sikwambii uache kukagua. Nakwambia jinsi unavyokagua hakukulindi na kitu. Yule aliyeiba ofisi ile ya zamani asingezuiwa na mtu kucheki nani yuko onlaini saa 5 usiku. Ukiangalia kila kitu muda wote, macho yanachoka na lile kubwa linapita mbele yako, na vijana nao wanaacha kukagua kwa sababu wanajua mama ataona.

Chagua sehemu mbili tu za kukagua. Moja ni kabla TANSAD, ile fomu ya forodha, haijapelekwa TRA, nyingine ni kabla hela haijalipwa kwenye control number. Hapo kaa na kijana, yeye asome wewe uangalie, kesho mbadilishane, na vijana wakaguane wenyewe kwa wenyewe kabla hawajafika kwako. Bandikeni ukutani vitu vya kuangalia, namba ya kontena, uzito, thamani, namba ya ushuru, jina la mteja. Imeili za kawaida waachie watume wenyewe. Kuhusu hela, mpokeaji asiwe ndiye anayeandika kitabu, hiyo itakulinda na polisi kuliko kelele zako zote. Usiku zima data, ulale. Na kama miezi inapita usingizi hauji na moyo unadunda ukisikia simu tu, nenda hospitali ukaongee na mtaalamu wa ushauri, hilo ni donda na madonda yanatibiwa, halimaliziwi kwa watoto wa watu.

Halafu ulimi. Naomba nikuulize, ukiingia ofisini asubuhi unaanza na nini? Nahisi unaingia mkoba bado begani, "ile faili ya jana iko wapi". Hujamwuliza mtu kaamkaje, hujui nani kalaza mtoto hospitali ya Amana, hujui nani kasimama kwenye daladala toka Gongo la Mboto. Salamu ni bure mwanangu. Na yule tarishi, kama ni mtu mzima kukuzidi, mwamkie shikamoo mbele ya vijana wote, cheo chako hakipungui hata nukta. Wakikuona unamheshimu anayebeba bahasha watajua na wao wako salama.

Ukiona kosa na damu imepanda usiguse simu, inuka, kunywa maji, rudi ulisome tena, mara ngapi tumeandika kwa hasira halafu tukakuta mwenye kosa hayupo. Ukitulia mwite pembeni, peke yake, anza kwa kuuliza, "hebu nieleze ulifikaje hapa". Msikilize mpaka amalize, usimalizie sentensi zake. Ndiyo umwambie kosa liko wapi na linarekebishwaje, basi, limekwisha, usilitaje tena wiki ijayo likija kosa lingine. Na siku kijana akikuletea kosa lake mwenyewe kwa mguu wake, neno la kwanza litoke "asante kwa kuniambia mapema", hata kama moyoni unaungua. Ukishindwa siku hiyo moja tu, hutaletewa tena. Mkubwa ni jalala, kama hutaki kutupiwa takataka usikubali ukubwa.

Sasa nije nyumbani kwako, na hapa nasema wazi niko upande wa mumeo. Risiti ya gesi! Mtungi upo jikoni, moto unawaka, wewe unataka risiti. Mwanaume wa watu katoka kazini kachoka, ana bosi wake huko anamsumbua, akifika kwake anakuta bosi wa pili kakaa kwenye kochi. Anakwenda kwa dada yake kwa sababu kule anapewa chai bila kuhojiwa. Wifi yako humsemi vizuri lakini mimi namshukuru, kaka yake angeweza kuwa amekaa mahali pengine mpaka hiyo saa 4, kuna nyumba nyingi hapa mjini zinapokea waume wa watu waliochoka kuhojiwa. Huyu kaenda kwa ndugu wa damu. Mpigie wifi simu, msalimie, mshukuru kwa kumlisha mumeo, na usimwulize habari za mumeo hata moja.

Na hili siwaambii wanawake peke yao. Ndoa za siku hizi zimekuwa kama zinaendeshwa na wakaguzi, mume anashika simu ya mke bafuni, mke anahesabu dakika toka Posta mpaka Mbagala, wanawekeana lokesheni, wanaombana skrinishoti za M-Pesa, halafu jioni wanakaa meza moja hawana la kuongea kwa sababu kila kitu kilishakaguliwa. Wazee wetu walikuwa na makosa yao mengi, na wanawake wengi waliteseka kimya, sitaki mtu aniambie nasifia zamani. Lakini mtu alikuwa akifika kwake anakaribishwa. "Karibu, pole na kazi", maji ya kuoga, halafu ndiyo maswali. Leo maswali yanaanzia mlangoni, tena kwa wanaume wengine ni ngumi ndiyo inaanzia mlangoni, na huko siendi leo maana barua ile inakuja yenyewe kila wiki. Nyinyi wenye vyeo ndiyo wabaya zaidi, ulimi wa ofisini mnausahau kuuvua. Mumeo alikwambia kwa mdomo wake kwamba unamfanya stafu. Wanaume wengi hawasemi, wanaondoka. Wako amesema, mjibu. Mwambie "nimekusikia, nimekosea", na risiti usiiulize tena.

Barua ya onyo usiandike. Mtu amekushtaki HR wiki hii, wewe unampa onyo wiki hiyo hiyo, kila mwenye akili ataona unalipiza. Na ujue chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri kaifanya isivumilike, inaweza kuhesabiwa kwamba ameachishwa, anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 na kampuni inaanza kujieleza. Bosi wako hatakushukuru kwa hilo.

Jumatatu usiende na faili la makosa ya huyo kijana, najua umeshaanza kulipanga. Nenda ukiwa umeshamwomba radhi kabla ya kikao, na kwa kuwa ulimsema mbele ya wenzake, radhi nayo iwe mbele ya wale wale, fupi tu, "nilikusema vibaya mbele za watu, nisamehe, na kosa la kontena uliliona vizuri, siku nyingine nijie siku hiyo hiyo". Bila "lakini" nyuma yake. Kwenye kikao msikilize mpaka mwisho, ukiulizwa unaleta nini, leta ule mpango wa kukagua sehemu mbili.

Na hujaniambia ile hela ya storeji ililipwa na nani. Kama imekatwa au inapangwa kukatwa kwenye mshahara wake, isimamishe leo. Sheria inataka aelezwe kwa maandishi kosa lake na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na mtu aliyekuwa anakuogopa mpaka akashindwa kufungua mdomo siku tatu hawezi kusema hiyo nafasi aliipata.