Flashi Haionekani? Fungua Mstari wa Diski Kwanza

Jumapili usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepakua Linux nikaiweka kwenye flashi. Nimewasha mashine mara ishirini, inasema hakuna mfumo endeshi. Nitupe?" Linux ni mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows. Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena mbele za watu.

Mashine yangu ni kompyuta mpakato ya mwaka 2006. Prosesa ni Core Duo, RAM GB 1, bawaba ya kushoto imelegea. Diski kuu ilipokufa niliipeleka kwa fundi. Hakugusa hata skrubu moja. Aliinyanyua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mfu, akasema hiki ni chuma chakavu, akageukia mteja mwingine. Waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Nimeshamsamehe, lakini sijasahau. Bila kicheko kile sidhani kama ningepambana wiki tatu na kazi ambayo leo naimaliza kabla chai haijapoa.

Kosa langu la kwanza ndilo hilo la msomaji. Nilichukua faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima ndani yake, nikalikopi kwenye flashi, vile unavyokopi wimbo. Haibuti hivyo, yaani mashine haiwaki kutoka kwenye flashi hiyo, ndugu zangu. BIOS ya zamani, ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya mfumo endeshi, haijui kutafuta mafaili. Inasoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa flashi, ikitafuta maelekezo ya kuanzia, na ukikopi faili pale mwanzoni hapabadiliki kitu. Ndiyo maana unahitaji programu kama Rufus iandike flashi yote upya, na ikiandika, vilivyokuwemo vimekwenda. Mimi nilikuwa nimechomeka flashi mbili zinazofanana. Nikaifuta ile yenye picha za mahafali ya dada yangu. Hapo tupite haraka.

Rufus inakuuliza GPT au MBR, njia mbili za kuipanga flashi. Nikachagua GPT kwa sababu jamaa wa kwenye video alisema ndiyo ya kisasa. Ya kisasa kwa mashine ipi? GPT inaendana na UEFI, mrithi wa BIOS, nayo ilienea kwenye mashine za kawaida tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Za nyuma ya hapo nyingi zinabuti kwa BIOS ya kale, kwa hiyo unachagua MBR, na pale inapouliza mashine lengwa unaweka BIOS. Angalia umri wa mashine kwanza. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Nilipopata MBR, nikiwa na mfumo wa biti 64 kwenye flashi, nikaomba msaada kwa rafiki mwenye ujuzi. Aliniuliza swali moja tu: prosesa gani? Nikajibu kwa kujiamini, Core 2 Duo. Akaniambia soma kibandiko. Kimeandikwa Core Duo. Hiyo 2 inayokosekana ndiyo kila kitu: Core 2 Duo ni ya biti 64, Core Duo ni ya biti 32 tu. Hata ningefika mbali kiasi gani, kioo kingeishia kuniandikia maneno meupe kwamba kinachotakiwa ni x86-64 (biti 64) na kilichopatikana ni i686 (biti 32). Nikapakua antiX, Linux nyepesi, ya biti 32. Ukipenda Debian, Linux nyingine, chukua toleo la 12, kwa kuwa ya 13 iliyotoka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32.

Na bado haikubuti.

Hapa ndipo wiki mbili zangu zilipopotelea, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Niliingia BIOS, nikaona orodha: CD, Removable Devices, Hard Drive, mtandao. Flashi si kitu cha kuchomoa? Nikaupandisha mstari wa Removable juu kabisa. Hakuna kitu. Nikabadilisha flashi, nikabadilisha tundu la USB, nikaandika upya mara sita, nikaanza kuamini kwamba fundi alisema kweli. Usiku mmoja, kwa hasira tu, nikabonyeza Enter juu ya mstari wa Hard Drive. Ukafunguka! Ndani yake kulikuwa na majina mawili, diski kuu iliyokufa juu, na chini yake flashi yangu imekaa kimya. BIOS nyingi za zamani huichukulia flashi kama diski kuu, zikaipanga humo ndani. Nikaipandisha juu ya marehemu, nikahifadhi, nikatoka. Kioo kikawa cheusi, kistari kikapepesa pembeni, kisha menyu ya antiX ikajaa kioo kizima. Nilipiga kelele saa nane usiku.

Kumbuka flashi iwe imechomekwa kabla hujawasha, la sivyo hata jina lake halitatokea. Na kama mpangilio unajifuta kila ukichomoa chaji, huku tarehe ikirudi miaka mingi nyuma, usiihangaikie flashi. Ni betri ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032, imekwisha. Tarehe ikiwa ya uongo, hata tovuti salama zitagoma kufunguka.

Sasa mniache niseme. Tumekuwa wepesi mno wa kutupa. Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, watu walianza kuziangalia mashine nzima, zenye kioo kizuri na kibodi kamili, kama maiti. Mtu hajafungua hata menyu moja ya BIOS, tayari anauliza atupe wapi. Kaa nayo. Isome kibandiko. Mashine haijakukosea, wewe hujaijua umri wake.

Msomaji wangu kajibu jana. Yake ni Core 2 Duo, kwa hiyo biti 64 inamfaa, tatizo lilikuwa kukopi. Ameandika upya kwa Rufus na sasa flashi haionekani kwenye Removable. Nimemwambia abonyeze Enter kwenye Hard Drive.