Maswali ya Sheria: Muswada wa bunduki za nusu-otomatiki Marekani

SWALI: Kila muswada wa kuzuia bunduki za nusu-otomatiki unapofika Bunge la Marekani, habari husema "silaha za kivita kupigwa marufuku". Nikiufungua muswada wenyewe napotea. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ruka jina la muswada, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha tafsiri. Silaha ya nusu-otomatiki hujipakia yenyewe risasi inayofuata, lakini hutoa moja tu kila unapovuta kifyatulio. Maana hiyo pekee inazoa bastola nyingi za kawaida na bunduki nyingi za kuwindia, hivyo muswada makini lazima uchuje. Angalia unachuja kwa kigezo gani.

Sheria ya Marekani ya 1994 iliyokataza silaha za aina hii ilitaja baadhi ya silaha kwa majina, nyingine ikazichuja kwa sehemu za nje. Bunduki ndefu ya aina hii yenye magazini (kasha la risasi) ya kuchomoka ilikatazwa ikiwa na angalau sehemu 2 kati ya 5: kitako cha kukunja au kuvuta, mshikio wa bastola unaojitokeza chini, mahali pa kufunga singe (kisu cha mtutuni), kizuia mwali (au mtutu wenye nyuzi za kukifungia), na kirusha bomu. Viwanda vikaondoa pa singe na kizuia mwali, vikaweka kitako kisichokunjika, vikabakiza mshikio. Imebaki sehemu 1, bunduki ni halali, na inafyatua vilevile kama ya jana. Huo ni udhaifu wa mwandishi wa sheria. Kiwanda kilifuata maandishi. Muswada wa Seneta Dianne Feinstein wa 2013 ulishusha kigezo hadi sehemu 1, ukaangushwa Seneti kwa kura 40 dhidi ya 60.

Muswada wa maseneta Angus King na Martin Heinrich wa 2023 ulipita njia nyingine: unatazama mtambo wa ndani, yaani kama gesi ya baruti ndiyo inayosukuma mzunguko wa kupakia. Kwa maoni yetu hapo ni pagumu zaidi kukwepeka, maana gesi haiondolewi kwa bisibisi. Lakini soma misamaha yake neno kwa neno, mfano wa magazini isiyochomoka yenye risasi zisizozidi 10.

SWALI: Aliyenunua kabla ya sheria atanyang'anywa?

JIBU: Inategemea kifungu cha mpito. Sheria ya 1994 iliruhusu silaha na magazini za kabla ya Septemba 13, 1994 zimilikiwe na hata kuuzwa. Magazini za zaidi ya risasi 10 zilizotengenezwa baadaye zilitakiwa kuwa na alama; isiyo na alama ilichukuliwa kuwa ya zamani, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ulikuwa wa serikali. Unaona ugumu wa mwendesha mashtaka. Sheria yenyewe ilikuwa na ukomo wa miaka 10, ikafa Septemba 13, 2004. Kwa hiyo kagua mambo matatu: tarehe ya kuanza, ruhusa ya kuuza au kurithisha, na kifungu cha ukomo.

SWALI: Mahakama Kuu ya Marekani haitaifuta?

JIBU: Hadi katikati ya 2025 ilikuwa haijaamua. Katiba ya Marekani inalinda haki ya kumiliki silaha, na tangu Mahakama iamue kesi ya Bruen ya 2022, serikali inayotetea sheria ya silaha lazima ioneshe kuwa inaendana na historia ya udhibiti wa silaha nchini humo. Hoja ya usalama wa umma peke yake haitoshi. Kesi ya Rahimi, 2024, ikalegeza kidogo: si lazima ipatikane sheria ya zamani iliyo pacha, inatosha kanuni ifanane. Mabishano makali yako kwenye maneno ya kesi ya Heller ya 2008, kwamba haki hiyo inalinda silaha "zinazotumika kwa kawaida". Wapinzani wanasema bunduki ya nusu-otomatiki ya mtindo wa AR-15 imeenea mno kukatazwa. Watetezi wanajibu kwamba inafanana na silaha za jeshi, nazo Heller yenyewe iliziweka nje ya ulinzi huo. Juni 2, 2025 Mahakama ilikataa kusikiliza rufaa ya katazo la jimbo la Maryland dhidi ya bunduki hizo. Usiisome kama baraka: kukataa rufaa si hukumu, na Jaji Kavanaugh aliandika kwamba suala hilo linapaswa kuchukuliwa katika muhula mmoja au miwili ijayo.

Ongeza kesi ya Cargill ya Juni 14, 2024. Kwa kura 6 kwa 3, Mahakama ilisema kifaa cha kuharakisha ufyatuaji hakigeuzi bunduki kuwa bombomu, kwa sababu sheria inasema bombomu ni ile inayotoa risasi zaidi ya moja kwa "tendo moja la kifyatulio", na kwa kifaa hicho kila risasi bado ina tendo lake. Maneno hayo machache ndiyo yaliyoamua kesi.