Sindano, jiki na maji ya betri: maswali yenu ya usalama kazini

Shikamoo. Nafanya usafi kwenye zahanati huku Mbagala. Jana nikifunga mfuko wa taka, sindano ikapenya glavu na kunichoma. Msimamizi kaniambia nipake spiriti, nisikuze mambo. Nifanyeje? (Mama Wawili)

Marahaba mama. Ujumbe wako ulipofika nilikupigia palepale, na nashukuru ulikwenda hospitali jioni ileile. Haya nawaandikia wenzako.

Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikibinye kidonda, usikinyonye, usikimwagie jiki. Kisha toa taarifa saa hiyohiyo na udai iandikwe. Dawa kinga za VVU zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho wa kuzianza ni saa 72 tangu uchomwe. Humezwa siku 28 bila kuruka. Tena watu wanaiwaza VVU tu, wakati homa ya ini B huambukiza kwa sindano kwa urahisi zaidi. Hiyo ina chanjo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Dai uchanjwe. Anayebeba taka za wodini yumo hatarini sawa na nesi.

Na sindano haikutakiwa kuwemo kwenye mfuko kabisa. Mahali pake ni sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, bila kurudishiwa kifuniko, na boksi lifungwe likifika robo tatu. Aliyekosea ni aliyeitupa humo. Inaniuma kuona wewe ndiye uliyeambiwa unakuza mambo.

Sisi wasafishaji wa ofisi Posta huchanganya jiki na dawa ya choo ya asidi ili madoa yatoke upesi. Tatizo tunakohoa sana. (Watatu wa ghorofa ya nne)

Acheni leo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, pale pale mnapoinama kusugua. Tumieni moja tu. Ikitokea bahati mbaya, msihangaike kufuta: tokeni nje kwanza. Kifua kikiendelea kubana, nendeni hospitali.

Tajiri anatukata mshahara kwa ajili ya glavu na miwani. Ni haki? (Fundi, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam)

Si haki. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Peleka malalamiko OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Hata mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa yeye, wewe hukatwi.

Maji ya betri tunayaweka kwenye chupa za maji ya kunywa. Kila mtu hapa anajua. Kuna ubaya? (Fundi huyohuyo)

Mdogo wangu, hili ndilo lililonitisha zaidi. Niliwahi kuingia gereji moja mchana wa jua kali, nikakuta chupa ya nusu lita juu ya meza, lebo imebanduka nusu, pembeni yake andazi lililoumwa mara moja. Nikauliza ni nini. "Maji," fundi akajibu, maana ndivyo wanavyoyaita. Ilikuwa asidi ya salfa. Kijana aliyeanza kazi asubuhi hiyo hakuwa akijua.

Tafuteni dumu la kemikali, liandikwe ASIDI kwa herufi kubwa, likae chini, mbali na chakula. Mkizimua, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji polepole. Ukigeuza, huchemka na kukurukia usoni. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mfululizo dakika 20 ndipo uende hospitali. Aliyeimeza asitapishwe, maana itamuunguza koo mara ya pili. Mkimbizeni hospitali, na dumu lenye jina mlipige picha mwende nayo.