Titani kwenye bunduki ya hewa: Fundi anajibu

Maswali ya safari hii yamefika karakanani kwetu Lubumbashi kwa njia mbalimbali, mojawapo likiwa limeandikwa nyuma ya risiti ya mafuta ya mashine, na yote yanahusu vipuri vya titani, metali nyepesi na imara, vinavyokerezwa kwa kipimo maalumu ili kufungwa kwenye bunduki za hewa za kulengea shabaha.

Papa Fundi, nikiondoa nyundo ya chuma na kuweka ya titani, je, nitalenga vizuri zaidi? (Msomaji wa Katuba)

Huenda, ndugu yangu, lakini kwanza tuelewane kazi ya nyundo. Katika bunduki inayojazwa hewa mapema, kifyatulio huiachia nyundo, springi huisukuma, nayo hugonga shina la vali, ambayo hufunguka kwa kitambo kifupi mno na kuiachia hewa inayoisukuma risasi. Katika muda huo mkono wako bado unatikisika, na ndiyo sababu safari fupi ya nyundo ina thamani. Titani ya daraja la 5, yaani ile iliyochanganywa na alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ina uzito wa gramu 4.43 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali chuma kina takriban gramu 7.85. Kwa hiyo nyundo ya umbo lilelile itabaki na asilimia 56 ya uzito wake wa zamani, na kwa springi ileile itafika kwenye vali kwa robo tatu ya muda.

Hasara inakuja hapo hapo. Msukumo wa pigo kwenye shina nao hupungua kwa karibu robo, vali hufunguka kidogo, na risasi hutoka polepole kuliko ulivyozoea. Basi springi lazima irekebishwe upya kwa kutumia kipima mwendo wa risasi, wala si kwa kukisia. Tena titani inayogonga ncha ya chuma kigumu kila siku huanza kubonyea, na kwa sababu hiyo mimi hupachika kipande kidogo cha chuma kigumu usoni mwa nyundo. Ukijumlisha kazi yote hiyo, utaona kwamba nyundo ya titani ni ya mtu aliyekwisha kurekebisha kila kitu kingine, kuanzia kifyatulio hadi risasi anazonunua. Anayeshindana kwenye shabaha ya umbali wa mita 10, ambako kanuni za kimataifa zinaruhusu bunduki ya hadi kilo 5.5, mara nyingi huongeza vizito ili bunduki itulie, kwa hiyo asinunue titani kwa ajili ya wepesi.

Kekee zangu zinaungua kila ninapotoboa titani. Nakosea wapi? (Fundi mwenzetu wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi)

Sisi wa mji huu tumelelewa na shaba, nayo inatudekeza, kwa kuwa hupitisha joto takriban mara 60 kuliko titani ya daraja la 5. Katika titani, joto halikimbilii kwenye kazi. Linabaki kwenye ncha ya kekee na kuila. Punguza mwendo, mimina maji ya kupoozea bila ubahili, na usiache ncha izunguke mahali pamoja bila kukata, maana sehemu hiyo itakuwa ngumu na kukushinda. Nikikereza nondo ya kipenyo cha milimita 20 kwa kisu cha kabidi, yaani kile cha kukatia kilicho kigumu kuliko chuma, mimi huzungusha mashine kama mara 640 kwa dakika, na siku nyingine chini ya hapo. Mwaka jana umeme ulikatika kisu kikiwa ndani ya kazi. Uliporudi, nilikuta ncha imevunjika na mfereji umebaki kwenye kipande kilichokuwa karibu kukamilika, na mteja alikuwa ameketi mlangoni. Siku hizi, mbingu zikianza kunguruma, sianzi hatua ya mwisho.

Mabaki membamba yafagie kila jioni. Yakishika moto usiyamwagie maji. Yafunike kwa mchanga mkavu.

Skrubu ya titani imeng'ang'ania kwenye tundu la titani na haitoki. (Msomaji wa Likasi)

Nakupa pole, kaka, maana huenda ikalazimu kuitoboa. Titani ikisuguana na titani hugandana kama iliyochomelewa, kwa hiyo safari ijayo paka grisi ya kuzuia kugandana kabla ya kuifunga, na ufunge taratibu.

Unaweza kunikerezea mtungi wa hewa wa titani, uwe mwepesi? (Msomaji wa Kamalondo)

Hapana, na pesa zako zibaki mfukoni. Kwa hewa yenye mgandamizo wa bar 200, kifuniko chenye kipenyo cha milimita 30 kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 1,400, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo. Mtungi ununuliwe kwa mtengenezaji aliyeupima na kuugonga muhuri.

Nimeuziwa nondo ya "titani". Nitajuaje kama ni kweli? (Mama mwenye duka, Kampemba)

Mama, ipime kwenye mizani, kisha izamishe katika gilasi yenye alama za vipimo na usome maji yamepanda kiasi gani. Kipande kinachopandisha maji kwa mililita 25 kinapaswa kuwa na gramu 111 hivi. Ukipata 68 ni alumini, na ukipata karibu 196 umeuziwa chuma. Ukiwa bado na shaka, niletee tukiguse kwenye jiwe la kunolea linalozunguka: titani hutoa cheche nyeupe kali, na alumini haitoi cheche.