Kijana umeapishwa, hongera, sasa nenda katoe fotokopi

Juzi kuna kijana kanitumia meseji, kaapishwa uwakili hata miezi mitatu haijaisha, anasema shikamoo kaka, mimi nataka kuwa wakili wa mahakamani hasa, kesi za biashara na za ajali, sitaki kukaa ofisini kusajili makampuni na kugonga mihuri kwenye viapo vya watu, nianzie wapi? Nikacheka peke yangu, manake mwaka wa kwanza mi nilikuwa hivohivo, naoga huku namhoji shahidi wa kufikirika mpaka analia.

Ningemjibu mistari miwili tu yakaisha. Ila wiki iliyopita nimetoka na hukumu Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, tumeshinda na gharama juu, na wakili wa upande wa pili ni mzee mmoja ambaye nina hesabu naye tangu 2017. Yeye hajui kama tuna hesabu. Kwa hiyo leo ngoja niseme.

Mambo ya chuo na Law School naruka, wote tulipita humohumo. Nianze na mama mmoja wa Mbagala, muuza mihogo, aligongwa na daladala 2013, mguu ukavunjika sehemu mbili. Kaja kwangu karibu miaka mitatu inaisha, na hapa nisimame kidogo, madai ya ajali yana miaka mitatu tu ya kufungua kesi kwa Sheria ya Ukomo, mkataba ndo una miaka sita, kwa hiyo mteja akikaa kitini swali la kwanza ni tarehe, pole utampa baadaye. Basi mama akanikabidhi karatasi zake kwenye mfuko wa rambo, enzi hizo rambo bado halijapigwa marufuku. Humo kuna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kuna picha ya mguu, kuna rundo la risiti za mashine limefungwa na mpira. Nikahesabu, milioni nne na ushee. Nikafurahi, nikaandika hati ya madai usiku kucha, nikamshitaki dereva, nikamshitaki na mwenye gari, nikairudisha ile rambo kwa mama nikamwambia mama zitunze hizi, ndo kesi yako.

Mama akazitunza. Jikoni, juu ya kabati, karibu na jiko la mkaa.

2017 tunasikilizwa. Mama yuko kizimbani, nampa risiti azitoe kama kielelezo na mi mwenyewe ndo kwanza naziona tangu siku ile. Nyeupe. Zile karatasi za mashine wino wake hauna maisha, joto kidogo tu unakwisha. Nyingine zimebaki na kivulikivuli, nyingine hata ungeiweka juani huoni kitu. Yule mzee wa upande wa pili wala hakuweka pingamizi, akaziacha zipokelewe zote! Zamu yake ya kuhoji ilipofika akachukua moja, akampa mama taratibu kabisa, kwa adabu, akamwambia, "Mama, hebu isomee mahakama, hapo imeandikwa shilingi ngapi?"

Mama akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaniangalia mimi.

Siku hizo shahidi anaongea Kiswahili na hakimu anaandika Kiingereza, lugha ya mahakama imebadilishwa 2021 tu, na mpaka leo najiuliza ule ukimya aliuandikaje. Mzee akampa ya pili, ya tatu, nyuma yangu naskia mawakili vijana wenzangu wanacheka chinichini, halafu akageuka akasema "namhurumia msomi mwenzangu" akakaa. Kwenye hoja za mwisho akaweka kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, ile ya 1992 ambayo wote tunaikariri, kwamba madai mahsusi, yaani hela halisi unayosema ilikutoka, lazima uyataje na uyathibitishe. Milioni nne zote zikaondoka. Tulipata fidia ya jumla, ambayo hakimu anapima mwenyewe na haihitaji risiti, lakini ilikuwa kidogo, na mama alinishukuru, hilo ndo liliniuma kuliko kuchekwa.

Fotokopi shilingi mia. Ningezitoa siku ileile aliyokuja, nikazilinganisha na zenyewe wino ukiwa bado upo, basi.

Sasa nyie mnaonijia na hadithi za dodoso, yaani kumbana shahidi wa upande wa pili kwa maswali, nisikilizeni. Kule Divisheni ya Biashara shahidi wako hata hasimulii, ushahidi wake wa msingi unaletwa kwa maandishi na una siku zake za kuwasilisha, ukizembea huna shahidi. Kampuni ikikupa kazi ya kushitaki omba azimio la bodi kabla hujaomba hela, manake mtu atakuibulia kesi ya Bugerere Coffee Growers ya 1970, ile inayosema kampuni haifungui kesi bila azimio, kwenye pingamizi la awali na utaanza kubishana kama kesi hiyo inagusa kampuni yako au haigusi wakati ungekuwa na karatasi moja tu mfukoni. Kesi ya gari, ipe kampuni ya bima taarifa mapema, dereva wa daladala utamkazia hukumu kwenye nini, viatu? Na nyaraka, subiri mahakama iipokee kama kielelezo ndo uisome, usianze kuisoma kwa mbwembwe ikiwa bado mkononi. Na toa fotokopi. Nimeshasema? Nasema tena.

Hii ya wiki iliyopita mteja wangu ni muuza nondo wa Gerezani, alimpelekea mkandarasi mzigo wa zaidi ya milioni mia mbili kwa oda za WhatsApp tu, hakuna mkataba. Watu wawili walishaikataa hiyo kesi. Mi nikamnyang'anya simu siku ileile ya kwanza, meseji zote zikachapwa, zikaapiwa kiapo kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, delivari noti nikazitafuta moja moja mpaka kwa dereva wa fuso aliyehamia Kibaha, nikazipata 31 kati ya 33 na zile mbili sikuzidai kabisa. Mzee akasimama kumhoji mteja wangu, akaomba delivari noti ya kwanza. Ipo, ina saini, ina muhuri. Ya pili ipo. Ya tano akaacha kuomba.

Baada ya hukumu tumekutana kwenye korido, nikamwamkia, shikamoo mzee. Akasema marahaba kijana, umejipanga vizuri, ofisi yako iko wapi? Nikamwambia Kariakoo. Akauliza tumeshawahi kukutana kwenye kesi mi na wewe? Nikasema hapana. Akavua joho akaweka begani akaenda zake.

Haya we kijana uliyeniandikia, njoo Jumanne saa tatu asubuhi. Kuna baba kagongewa mwanae na bodaboda analeta karatasi zake, sijui atazileta kwenye nini. Duka la fotokopi liko chini ya ofisi, ukija nunua na klipu.